Mwaka wa Kuanika Mashati ya Issack

Wazee watatu walipokuja kuniomba nimsamehe Hirsi Dheere, walinikuta juu ya paa, mdomoni nina vibanio viwili na mikononi nina shuka la watu. Hirsi alikuwa amezikwa kwao Eldas juma hilo. Kwetu, mtu akishafukiwa, jamaa zake hupita kwa kila aliyemkosea wakimwombea msamaha, ili marehemu asifike mbele ya Mungu akiwa amebeba dhuluma za watu. Mkubwa wao alikuwa anahema kwa sababu ya ngazi. Akaegemea tangi la maji, akasema, "Dahabo, abaayo, dada yangu, mtu ameshakwenda. Sema neno moja tu, sisi tushuke." Nikamwambia, "Adeer, ami yangu, ngojeni nimalize kamba hii." Nikaimaliza, nikaanza ya pili. Walingoja palepale kwenye jua, vitambaa vya kichwani vimelowa jasho, na mimi nilikuwa nafikiria jinsi nilivyowahi kungoja juu ya paa hilihili bila mtu wa kunisubiri nimalize chochote.

Jibu nililowapa nitalisema, lakini halitaeleweka mpaka niuseme mwaka ule. Shule niliishia darasa la tatu. Kiswahili changu kingi nilikiokota hapa juu kwa Mama Mwikali, Mkamba aliyekuwa akiuza mboga sokoni na kukaa mlango unaotazamana na wangu, kwa hiyo maneno yakikaa vibaya mlaumuni yeye. Sitasema nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, maana hao hawakunikosea. Walionikosea nitawataja. Wa kwanza ni Hirsi Dheere, kakake mume wangu, mwenye lori. Wa pili ni Bishar Gurey, dereva wake, yule wa mkono wa kushoto, ambaye mpaka leo yuko hai na anakunywa chai sokoni kama mtu aliyelala vizuri. Wa tatu ni Shukri, aliyekaa ghorofa ya nne. Watu huniambia mambo ya zamani yamekwisha. Kwangu hayajakwisha. Nikisikia kandambili zinapanda ngazi saa ya jua kali, bado naangalia kama mlango umefungwa, na mimi ni mama mtu mzima mwenye mvi.

Tulikuwa ghorofa ya tatu hapa mtaa wa Waberi, mimi na Issack, ndoa bado changa. Vyumba viwili, jiko jembamba kama kabati, na varanda ndogo iliyozibwa kwa vyuma. Issack alikuwa na duka la vitambaa, na mtu wa vitambaa hawezi kuvaa ovyo. Lakini akirudi jioni, kabla salamu hazijaisha, suruali imeshavuliwa na macawis imefungwa kiunoni, kile kikoi cha wanaume wetu ambacho wasipokivaa wanajiona bado wako njiani. Anakaa mkekani, anamwagia canjeero yake, ule mkate laini kama chapati ya maji, chai na mafuta ya simsim, anakula kwa vidole huku akinieleza nani amegombana na nani sokoni. Mlio wa kijiko chake kwenye glasi naukumbuka vizuri kuliko sauti yake. Hilo linaniuma, lakini ndivyo lilivyo.

Pasi ya stima ilikuja na ndoa, na mimi sikuwa nimewahi kuishika. Idi yetu ya kwanza Hirsi alimletea Issack shati la samawati kutoka Mandera, kitambaa chororo cha kuteleza. Nikalitandaza, nikaweka pasi juu, stima ikapotea. Nikaiacha palepale nikaenda kuangalia nyama jikoni, na stima ikarudi bila kubisha hodi. Niliponusa moshi ilikuwa imeshachelewa. Kwenye mkia wa shati palikuwa na alama ya kahawia, yenye ncha, kama ukwato. Hirsi alikuwa amekuja kula Idi kwetu pamoja na wazee wawili wa kwao. Akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Dumaashi," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mke wa ndugu, "mimi nimeleta shati, wewe umelipiga chapa kama ngamia?" Nyumba nzima ilicheka. Issack alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalivaa vilevile, mkia ameuchomeka ndani, na tangu siku hiyo likawa shati lake la safari. Usiku huo pasi ikaingia kabatini. "Afadhali makunyanzi kuliko uchi," akaniambia.

Makunyanzi nayo hakuyataka, kusema kweli. Ndipo nikaenda kwa Mama Mwikali. Ulimi wangu wakati huo ulikuwa haujaizoea herufi ya p. "Nataka nguo inyooke bila basi," nikamwambia. "Bila basi? Basi panda lori," akajibu, akacheka hadi machozi, kisha akanishika mkono akanipandisha juu. Alinifundisha kwamba shati halikamuliwi kwa kunyonga kama shingo ya kuku, linakunjwa na kubanwa kwenye taulo. Unalishika mabegani unalikung'uta mpaka lilie pa! Unalianika kichwa chini, vibanio kwenye mishono ya ubavu, kwa ndani nje ili jua lisile rangi. Kola unaivuta kwa vidole, mikono unaipapasa kuelekea chini kama unamlaza mtoto. Halafu ile siri yenyewe: hulingoji likauke kabisa. Jua la hapa ukilisahau nguo inakuwa ngozi kavu. Unalitoa likiwa na unyevu kidogo kwenye kola, unalikunja sawasawa, unaliweka chini ya godoro, unalilalia. Asubuhi mtu anatoka amenyooka, na bili ya stima haijui kitu. Issack alipita mbele ya wenye maduka wenzake akiringa, wakamuuliza dobi wake ni nani. Akasema, "Godoro."

Asubuhi aliyoondoka, Bishar alipanda kuja kumchukua. Lori la Hirsi lilikuwa linakwenda Mandera na Issack alitaka kuchagua vitambaa yeye mwenyewe. Walikunywa chai pamoja mkekani, Issack amevaa lile shati la Idi. Bishar akashuka kuwasha gari. Issack akainuka haraka, goti likagonga glasi mkononi, chai yote ikammwagikia kifuani. Honi ikaanza kulia chini. Nilimvua shati pale pale huku yeye akisema acha, acha, linatosha, na mimi nikisema utakwenda Mandera kama mtoto aliyenyonyeshwa vibaya? Akavuta shati la kahawia, akatia macawis zake zote mbili kwenye mfuko, akatoka akifunga vifungo ngazini. Kupitia vyuma vya varanda nilimwona akipanda juu ya mizigo, pamoja na abiria wengine, kwa sababu mbele kwa dereva palikuwa pamejaa. Hakuangalia juu. Nililoweka lile shati kwenye karai kabla doa la chai halijashika.

Lori lilirudi bila yeye. Bishar alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Alisema walisimamishwa na watu wenye bunduki mahali pasipo na nyumba, mbele ya Wajir, wakaamriwa wanaume watatu wa juu washuke, na yeye akaambiwa aendeshe asigeuke nyuma. "Uligeuka?" nikamuuliza. "Dahabo, ningegeuka ningekuwa hapa?" Wengine sokoni walisema wale walikuwa watu wa msituni, wengine walisema ni watu wa serikali, na kila aliyesema alinisogelea sikioni kwanza akaangalia nyuma yake. Nilikwenda kwenye ofisi zinazoendewa. Nilikaa kwenye mabenchi. Nikaambiwa ningoje, nirudi nyumbani. Nikarudi.

Mtu asiyewahi kukaa peke yake kwenye fleti hajui jinsi jengo linavyokuwa baada ya adhuhuri. Mji unajilaza. Maduka yanafungwa, mbuzi wanajibanza kwenye kivuli cha ukuta, hata watoto wananyamaza, na ngazi inakuwa kama koo la kisima, mtu akikohoa chini unamsikia juu. Saa hizo ndizo walizonijia. Msimamizi wa jengo, ambaye zamani alikuwa akiongea na Issack tu, alianza kugonga akiuliza kama bomba linavuja. Bomba halikuvuja. Mwingine nisiyemjua aligonga, nikanyamaza, akasimama hapo nje, nikaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, hakiondoki. Nilikaa nyuma ya mlango na kisu cha nyama, nimeuma mtandio wangu ili asisikie ninavyohema. Tangu siku hiyo sikupanda paani. Nikafunga kamba chumbani, kutoka msumari wa dirisha hadi bawaba ya mlango, nikaanika ndani. Nguo zikawa zinanuka uvundo, ukuta ukaota madoa, na mimi nikatembea humo nimeinama kati ya madirac yangu mabichi, yale magauni marefu ya kwetu, kama mwizi ndani ya nyumba yangu.

Mama Mwikali aliingia akaona ile kamba, akaona na kisu. Hakunipa pole. "Kila mtu hapa anasoma nguo zako kama gazeti," akasema. "Mimi nikiangalia juu najua nani amejifungua, nani amekojoa kitandani, nani mumewe amehama. Wakiona kamba ya mwanamke tu, wanajua mlango huu hauna mtu. Anika za Issack." Nikasema, "Hazijachafuka." Akasema, "Sabuni haiulizi."

Basi nikaanza. Kila nilipofua zangu nilitoa na mashati yake mawili matatu na suruali kabatini, safi kabisa, nikazitia majini, nikazianika pale paa linapoonekana toka ngazini na toka mtaani. Lile la Idi nililiweka mwisho wa kamba, upande wa upepo, mkia wenye chapa ukipepea juu kama bendera. Nikaweka na viatu vyake mlangoni, leo vimeelekea huku, kesho kule. Nikawaambia watu amerudi, anatoka alfajiri na kurudi giza. Wallahi, lilifanya kazi. Bomba la msimamizi likapona. Ile miguu haikurudi chini ya mlango. Nilianza kulala. Na kuna jambo sikumwambia hata Mama Mwikali: nikikung'uta shati lake likalia pa, na upepo ukalijaza kifua na mikono, kwa dakika ile nilikuwa na mume.

Shukri aliniona. Mumewe alikuwa kazi ya mbali, siku zake zilikuwa ndefu, na alizimalizia kwenye nguo za wenzake. Siku moja alipanda na beseni tupu. Tupu kabisa. Akapita polepole kwenye kamba yangu, akashika kola moja, akaigeuza, akaiachilia. Wale ndege wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya tangi walikuwa wanatuangalia wote wawili. "Issack hajambo?" akauliza.

"Hajambo, alhamdulillah. Ametoka."

"Anafanya kazi sana. Mashati mengi, suruali nyingi." Akatabasamu. "Lakini abaayo, nimeangalia wiki nyingi sasa. Mwanamume wetu gani huyu anayelala nyumbani bila macawis? Au siku hizi mnalala na suruali kama maaskari?"

Macawis zote mbili zilikwenda na Issack kwenye mfuko. Nilikuwa nimefikiria kola, viatu, hata mahali pa kufunga kibanio, na ile nguo ambayo mume huivaa kuliko zote ndiyo sikuikumbuka, kwa sababu haikuwamo kabatini. Ningeweza kununua nyingine dukani kwetu wenyewe! Nilijibu kitu, sikumbuki. Shukri akashuka na beseni lake tupu, na kabla ya Ijumaa Hirsi Dheere alikuwa mlangoni kwangu. Nani alimpigia simu? Yeye mwenyewe Shukri alijisifia baadaye, kwamba alifanya kwa heri yangu.

Hirsi aliinama ili apite mlangoni, alikuwa mrefu hivyo. Akaketi pale Issack alipokuwa akiketi. Aliweka mfuko kwenye kiti akatia mkono ndani yake polepole, akanionyesha kitambaa cheupe. "Dumaashi, usijitese," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia baridi. "Ndugu yangu amekufa. Kila mtu anajua. Vaa asay yako, hesabu siku zako kama wanawake wenzako, na mimi sitakuacha uwe mchezo wa watu wa mjini."

Asay ni nguo nyeupe ya mjane wetu, kuanzia kichwani hadi miguuni, miezi minne na siku kumi. Eda ikiisha, ndugu wa marehemu ndiye wa kwanza kumwoa. Tunaita dumaal. Wako wanawake waliopata stara njema humo, sitawasemea uongo. Lakini lazima kwanza kuwe na maiti. Hirsi alikuwa na mke tayari, alikuwa na lori. Alichokosa ni duka la vitambaa mjini, na mimi nilikuwa nimening'inia kwenye duka hilo kama kufuli. Nikiivaa ile nguo hata siku moja, nimemuua Issack kwa mikono yangu na nimejipeleka kwa Hirsi. Nisipoivaa, mimi ni mwanamke anayeanika nguo za maiti, na wa namna hiyo hamna anayemtetea. Nikamwambia, "Nitazifua mpaka mwenyewe aje aniambie basi." Akasimama. "Tutaleta wazee," akasema, "na shahidi." Mfuko akauacha kitini.

Siku hizo za kungoja kikao, chakula kilinikataa. Nilipika chai nikaisahau ikakauka kwenye sufuria. Nilifua tu. Hata baada ya Shukri kutangaza uongo wangu jengo zima, nilipanda na karai langu nikaanika yote, la Idi mwisho wa kamba, mbele ya macho yao. Ilikuwa ni woga huo, si ushujaa kama watu wanavyosema sasa.

Walikuja baada ya alasiri. Sheikh wa mtaa, mtu mpole mwenye kikohozi, na wazee wanne, wawili wao wale wa Idi. Hirsi na Bishar wakakaa karibu na mlango. Sisi wanawake tulikuwa chumbani nyuma ya pazia, mimi, Shukri, na wengine waliokuja kunilia kabla hawajaambiwa walie. Nilisikia glasi zikizungushwa, nikasikia Hirsi akianza: jinsi anavyomhurumia mke wa nduguye, jinsi akili yake ilivyopata shida, mashati juu ya paa, mkamuulize Shukri. Shukri akakohoa kwa sauti ili wajue yupo.

Sheikh akasema, "Mke wa aliyepotea hangojei maneno ya watu, anangojea yakini. Nani alimwona?"

"Mimi," akasema Bishar. "Sikusema mapema kwa kuogopa. Walipoondoka nilirudi nyuma. Nikamkuta kando ya barabara. Tulimfukia palepale."

"Uso wake uliuona?"

"Uso... jua lilikuwa limeshamfanya vibaya, sheikh. Nilimjua kwa shati. Lile la samawati la Idi, lenye alama ya pasi kwenye mkia. Nililishika kwa mkono huu."

Nilimwamini. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: kwa muda wa kupumua mara moja nilimwona Issack mchangani, nikamwona na shati, na mkia wake umetoka nje. Wanawake wakaanza kulia, mtu akaweka mkono juu ya kichwa changu, na Shukri alikuwa tayari ameshaufungua mfuko, kitambaa cheupe kimefika begani kwangu. Ubaridi wake ndio ulionizindua. Mchana huohuo nilikuwa nimeshika kitambaa kingine kibichi, nikakivuta kola kwa vidole. La Idi. Chai. Honi. Shati la kahawia. Nikainuka.

"Kaa chini, abaayo, wanaume wanaongea," Shukri akanishika mkono.

Nikamsukuma. Nikapita mbele ya wazee bila viatu, nikapanda ngazi nikijikanyaga. Juu, upepo ulikuwa umeanza, ule wa vumbi jekundu. Kamba yangu ilikuwa tupu. Vibanio vimebaki vimeshika hewa, ndege mmoja juu ya tangi, na huko mwisho wa kamba hakuna kitu. Nikaangalia chini mtaani. Nikaangalia nyuma ya matangi, nikapiga magoti nikaangalia chini ya bomba. Nikasema wamelichukua. Wamelijua na wamelichukua, nitashuka mikono mitupu, na kile kitambaa kitanikaa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kisu. Siku ya kisu nilikuwa naogopea mwili wangu tu.

Nilishuka nikashindwa kupita mlango wa Mama Mwikali. Nikaupiga kwa kiganja. Akafungua akiwa na unga mikononi. "Mbona huna viatu? Nguo zako nimekutolea, vumbi lilikuwa linakuja," akasema.

"La bluu! La bluu liko wapi?"

"Lilikuwa na unyevu wake mzuri, nimelikunja. Liko chini ya godoro. Mtoto amelilalia."

Tulimwinua Mwikali usingizini, mimi kichwani, mamake miguuni, nikalivuta. Lilikuwa na joto la mtoto na unyevu kidogo kwenye kola, limenyooka kama la dukani.

Niliingia mbele ya wanaume bila kuomba ruhusa, nikalitandaza mkekani mbele ya sheikh, mkia juu. "Adeer zangu, mnisamehe," nikasema, na sauti ilitoka ndogo sana. "Shati la Idi ni hili. Chapa yake ni hii. Issack alimwagikiwa na chai, nikamvua, Bishar ameshashuka. Alikwenda na la kahawia. Kama hili Bishar amelifukia, mchana wa leo mimi nimefua nini?"

Sheikh akaigusa kola. "Lina unyevu," akasema, kama mtu anayejisemea. Hirsi alisema mashati kama hilo yako mengi Mandera. Ndipo mmoja wa wale wazee wa Idi akavuta ule mkia kwake, akautazama, akasema, "Na chapa hii, Hirsi? Si wewe uliyesema amelipiga kama ngamia? Ngamia mmoja, chapa moja. Sisi tulikuwa hapa tunakula nyama." Nilimwangalia Bishar. Macho yake yalikwenda kwa Hirsi kabla hayajakwenda kwenye shati, na kila aliyekuwa chumbani aliliona hilo. Akasema labda alikosea, jua lilikuwa kali. Sheikh akakohoa, akaomba viatu vyake. "Huyu hana eda," akasema. "Msimguse." Hirsi alitoka akasahau kuinama, akagonga paji la uso kwenye kizingiti. Mfuko wake ulibaki. Shukri alihama jengo baada ya mfungo.

Wanawake hupenda nikiishia hapo, wanapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Wageni walipoondoka nilikaa na lile shati mapajani, nikaelewa nilichokifanya: nilikuwa nimemtoa Issack kaburini, na sasa sikuwa na pa kumweka. Bishar alijua kitu. Mtu huongeza uongo juu ya jambo fulani, na hilo jambo lenyewe hajaniambia mpaka leo. Aliona nini barabarani? Aligeuka au hakugeuka? Kabla ya kikao niliogopa kuambiwa amekufa. Baada yake nikaanza kuogopa kwamba hakuna atakayeniambia lolote, na hofu hiyo ya pili ndiyo niliyozeeka nayo. Si mke, si mjane. Duka lilikufa lenyewe. Nikawa nafua na kunyoosha nguo za watu wa majengo haya bila pasi, na ndiyo kazi inayonilisha. Mama Mwikali alirudi kwao. Shati la Idi bado nalifua na za watu, nalianika mwisho wa kamba. Msimamizi wa sasa anadhani nina mume mwenye shati moja.

Basi nilipomaliza kamba zote, nikashuka na wale wazee mpaka kwangu. Nikatoa mfuko kwenye sanduku la bati, nikaukung'uta vumbi, nikampa yule mkubwa. Akachungulia ndani. "Hii ni nini?"

"Hirsi aliisahau hapa. Mpelekeeni mkewe. Ni mpya, haijawahi kuona maji."

Alishika mfuko kama una nyoka. "Na msamaha, Dahabo?"

"Bishar anakunywa chai hapo sokoni, mmempita mkija. Aje mwenyewe aniambie aliona nini. Akishasema, nitafikiri habari ya Hirsi. Leo sijamwachilia."

Mzee alitikisa kichwa, lakini hakubishana. Nikawauliza, "Huyo mjane, ndugu gani wa Hirsi anayemngojea?" Wawili wakatazamana. Wa tatu, yule mdogo wao kwa umri, mrefu kama marehemu, akaangalia viatu vyake.

"Mwambieni huyo mjane kamba zangu ni ndefu," nikasema. "Kama hataki kuanika kwenu, aje aanike hapa."

Nikawasikiliza wakishuka, jozi tatu za kandambili, mpaka ngazi ikanyamaza. Kisha nikapanda. Kola ya lile shati la Idi ilikuwa bado na unyevu kidogo, saa yake hasa. Nikalitoa.